Alama ya Tata Kabeya

Siku mliyoniaga mlinipa jogoo, kiti cha plastiki na hotuba tatu. Jogoo tulimla Jumapili. Kiti kiko barazani, nimekikalia nikiandika haya. Hotuba nimezisahau, mtanisamehe, lakini sikusahau swali la mmoja wenu aliyekuwa akisafisha ofisi kwa ajili ya sherehe. Alitoa nyuma ya mlango ile A kubwa ya miti, yenye uzi na jiwe la kijani, akauliza kwa adabu kabisa kama inaweza kupelekwa jikoni ikawe kuni. Nilisema hapana, nikairudisha mahali pake, na sikuweza kueleza kwa sababu kuku wa sherehe walikuwa wanapoa. Maelezo ndiyo haya.

Vyeo sitavitaja. Vilikuja vichache, vikachelewa, na kimoja kilikuja bila meza. Nitasema habari za kilima kimoja upande wa Buluo, habari za maji yake, na za kosa nililolifanya pale nikiwa kijana mwenye diploma mpya.

Nilizaliwa Mulungwishi. Baba alinipeleka shule ya misheni ili nisishike jembe maishani. Nikasoma, nikafaulu, nikapelekwa shule ya kilimo, na serikali ikanipa jembe. Baba alicheka mpaka akakaa chini.

Nilifika Likasi kiangazi cha uhuru, nikiwa moniteur, mwalimu wa kilimo wa vijijini. Kwenye karatasi mji uliitwa Jadotville, lakini sikumsikia mama yeyote sokoni akiuita hivyo. Nilianza kazi chini ya bendera moja, na kabla viatu vyangu havijaacha kunibana ilipandishwa nyingine, ya Katanga iliyojitenga, yenye misalaba midogo ya shaba. Baridi ya mwezi wa saba ilikuwa kali. Ninaikumbuka asubuhi niliyofika kama kitu nilichokiona ndani ya maji: ukungu, moshi wa kiwanda, watu wanatembea taratibu na vichwa vyao vimefunikwa. Ofisini hapakuwa na mtu. Agronome Mzungu, bwana shamba mkuu, alikuwa ameondoka, akaacha birika, kofia, na sanduku zuri la ngozi lililoandikwa kwamba ndani yake mna kipimo cha usawa wa ardhi. Nilifungua sanduku. Ndani mlikuwa na buibui.

Nyuma ya ofisi nilimkuta mzee mmoja amekaa kwenye ngazi anachonga mti. Alikuwa Tata Kabeya, msaidizi wa kilimo. Alikuwa mtu wa Kasai, aliyeletwa huku angali kijana kufanya kazi ya shaba. Kifua kilipomshinda akahamishiwa mashambani, na kufikia siku ile alikuwa amekijua kila kijito cha upande wetu kuliko wengi tuliozaliwa hapa. Aliniangalia viatu kwanza.

"Weye njo moniteur wa mupya?"

"Ndiyo, Tata."

"Uko na diplome?"

"Iko."

"Bon. Ikamate na mukono ya kushoto. Na mukono ya kuume, kamata hii muti."

Hivyo ndivyo nilivyokutana na A. Ni miti miwili iliyofungwa pamoja juu na kupanuliwa chini, na wa tatu umekatiza katikati. Kutoka kileleni unaning'inia uzi wenye jiwe. Unaisimamisha kilimani, unausogeza mguu wa mbele juu na chini mpaka uzi uangukie kwenye alama iliyokatwa katika mti wa katikati. Hapo miguu yote miwili iko usawa mmoja. Unapiga kigingi, unasonga mbele, unatafuta tena. Vigingi vikishauzunguka upande mzima wa kilima, unachimba mfereji kuvifuata, udongo unautupa upande wa chini uwe tuta, juu ya tuta unapanda matete. Maji ya mvua yakifika hapo hayana pa kukimbilia. Yanasimama, halafu yanaingia ardhini taratibu.

Miti ilikuwa ya mulombwa, ambao mchwa hawaupendi. Jiwe lilikuwa kipande cha kijani cha shaba. Tata Kabeya alisema miaka yote alitoa mawe ya watu, na hili moja lilikuwa lake.

Alama haikatwi kwa kukisia. Aliisimamisha A juu ya mawe mawili, akatia kovu dogo pale uzi ulipoangukia. Kisha akaigeuza: mguu wa kushoto ukakaa mahali pa wa kuume, wa kuume mahali pa wa kushoto. Uzi ukaangukia kwingine. Akatia kovu la pili. Kisha katikati ya makovu yale mawili akakata kwa kisu alama moja ndefu, akaisugua mkaa ionekane.

"Juu ya nini kugeuza, Tata?"

"Juu muti inadanganya. Bulongo pia inadanganya. Ukiuliza mara moya, unapata uwongo. Uliza, geuza miguu, uliza tena. Kweli inakaa katikati."

Bulongo ni udongo. Alilitamka neno lile kwa namna ambayo wengine hutaja jina la mtoto wao.

Kilima chenyewe kilikuwa na mashamba ya kaya kumi hivi, na chini yake chemchemi moja ambayo wote walichota. Matuta yalikuwapo tangu zamani. Lakini yalichimbwa kwa amri, na asiyechimba aliandikwa kitabuni, na aliyeandikwa kitabuni alipelekwa mbele ya chefu. Tata Kabeya ndiye aliyekuwa akibeba kitabu. Kwa hiyo uhuru ulipofika, watu walipanda kilimani na majembe, wakiimba, wakayasawazisha matuta yote. Wanawake walipiga vigelegele. Mmoja alisema wanamlaza chali Bula Matari, Mvunja Mawe, kama watu walivyoiita serikali ya Wabelgiji. Mimi nilitaka kukimbia kwa msimamizi wa wilaya, ambaye sikujua hata kama yupo. Tata Kabeya alinishika mkono.

"Acha. Balilazimishwa. Kintu ya kulazimishwa, muntu anaivunja ata kama ni dawa."

Shamba moja tu halikuguswa. Lilikuwa la Mama Ngosa, mjane, karibu kabisa na chemchemi. Alikuwa amesimama juu ya tuta lake na jembe begani, akiwatazama majirani. Walimwita bibi ya Bula Matari, yaani mke wake. Yeye aliwajibu bila kupandisha sauti.

"Mugongo yangu njo ilichimba. Bula Matari aliandika paka mu kitabu, kuandika tu."

Mvua za mwaka ule zilipokuja, mashamba yaliyosawazishwa yalitoa maji mekundu. Nilikaa na Tata Kabeya kwenye kibanda cha Mama Ngosa tukiangalia kijito kikipita na udongo wa jirani zake. Alisema udongo ule ungeteremka mpaka mto Lufira, na mwisho ungelala katika maji ya Mwadingusha, chini ya samaki, nyuma ya ukuta wa bwawa la umeme. "Bulongo yetu inaenda kuwashia bantu taa," alisema. Nilikuwa na miaka ishirini, na picha ile ikanishika. Kwa muda mrefu nilipoona taa za Likasi zikiwaka jioni, niliona mashamba.

Kwa Mama Ngosa maji yalitoka meupe. Mwezi wa kumi uliofuata, wakati kila kisima kilikuwa kimebaki matope, upande wake wa chemchemi uliendelea kutoa ndoo kwa ndoo, na majirani waliomtukana walisimama foleni na vyombo vyao. Hakumkumbusha mtu neno lolote, na nadhani hicho ndicho kilichowachoma. Kabla ya mwezi kwisha, wanne walikuja ofisini wenyewe, kofia mkononi, kuomba wapimiwe mistari. Hakuna aliyewalazimisha. Katika kazi yangu yote sijawahi kuwa na furaha kama ile.

Tulitembea na Tata Kabeya katika kilima kile juma moja tu, tukikisoma kabla ya kupiga vigingi. Ningependa mlione juma lile. Misitu ilikuwa imetoa majani mapya mekundu kabla ya mvua, moshi wa nyasi zilizochomwa ulifunika kila kitu, na jua lilikuwa kitu cha kuangaliwa kwa macho wazi. Hatukuzungumza sana. A ilipiga hatua, jiwe likayumba, likatulia. Kuna saa nilihisi kilima ndicho kilichokuwa kikitembea chini yetu, nasi tumesimama. Alinifundisha kuvua viatu ili kisigino kisikie unyevu. Alinifundisha kufunika udongo kwa mabua badala ya kuyachoma, na kuwaachia wawindaji wa panya kona moja ya kuchoma ili wasichome matete yetu, maana panya hupenda matete na watu wa huku wanapenda panya. Viatu vyangu nilivibeba shingoni juma zima.

Halafu maneno yakaanza mjini. Nani ni wa hapa, nani si wa hapa. Watu wa Kasai walianza kuangaliwa kwa jicho lingine, kwanza sokoni, baadaye milangoni mwao. Binamu yangu mwenyewe alisema mbele yangu mambo ambayo sitayaandika, na mimi nilinyamaza. Niliona aibu siku ile. Bado ninayo.

Tata Kabeya alikuja kilimani asubuhi moja amevaa koti lake la kanisani, katikati ya juma. Mkewe na mizigo yao walikuwa tayari kwenye lori la Elisabethville. Kutoka huko wangetafuta njia ya kwenda Kasai, nchi ambayo watoto wake hawakuwa wameiona. Mama Ngosa alikuwa akipalilia. Alisimama.

"Unaenda, Kabeya?"

"Minaenda, mama."

"Miaka makumi tatu unakula bukari yetu. Sasa banakuambia uko mugeni?"

"Njo vile banasema."

Mama Ngosa aliangalia chini, akaokota bonge la udongo, akalisaga kwa vidole mpaka likaisha. Tata Kabeya alinigeukia, akanipa A.

"Kisima isikauke," alisema. "Nikirudia, nitakunywa mayi yake. Na weye, geuza miguu."

"Ndiyo, Tata."

Akateremka. Koti lake lilikuwa limechanika kidogo begani, na mtu alikuwa amelishona kwa uzi mweupe. Ndicho kitu cha mwisho nilichokiona.

Kumbukeni sasa kilichokuwa mikononi mwangu. Wakulima wanne walioniamini bila amri, mjane mmoja aliyetukanwa kwa ajili ya matuta yake, chemchemi moja, na mvua karibu kufika. Kama mistari ingefanikiwa, kilima kizima kingefuata. Kama isingefanikiwa, hakuna mtu ambaye angechimba tena, si kwa kupenda wala kwa fimbo.

Siku mbili baadaye nilisimamishwa kwenye kizuizi. Siku zile za vita kati ya Katanga na ONU, jeshi la Umoja wa Mataifa, vizuizi viliota barabarani kila mahali, na sikuwahi kujua kile kilikuwa cha nani. Vijana watatu, bunduki mbili.

"Hii ni nini?"

"Kipimo ya mashamba, chef."

"Hii ni antenne. Unazungumuza na ba-ONU."

"Haina waya, chef."

"Na hii kamba?"

Yule aliyeuliza hakungoja jibu. Akaivunja mguu mmoja juu ya goti lake, akalilamba jiwe la kijani, akatema, akanirudishia. Nilishukuru, kama mtu anavyoshukuru akiwa hai.

Nilikata mguu mpya wa mkaratusi, mweupe, ulionyooka. Niliupima kwa macho nikaona unatosha. Sasa ilinibidi kuigeuza A, kutia makovu mapya na kukata alama nyingine. Nilichukua kisu. Nikaiangalia ile alama nyeusi ya mkaa, na nikaona kidole gumba cha Tata Kabeya kinaisugua. Yeye alikuwa ameondoka, nyumba yake wamekwisha kuingia watu wengine, na kile kilikuwa kitu pekee cha mkono wake kilichobaki kwetu. Nilirudisha kisu mfukoni. Nilijiambia kwamba kumheshimu mwalimu ni kulinda alama yake.

Nilipiga vigingi siku nne, mguu mweupe mbele kila hatua, kwa sababu ulionekana vizuri. Mguu ule ulikuwa mrefu kuliko mwenzake kwa kiasi kidogo sana. Kila hatua iliteremka kidogo, na kilima kile kina hatua nyingi.

Mstari wangu ulipofika kwa Mama Ngosa, ulipita chini ya tuta lake la zamani. Akavitazama vigingi, akatembea mpaka mwisho wa shamba, akarudi.

"Moniteur. Ya Kabeya inapita huku. Ya yako inashuka."

"Mama, ni kipimo ile ile. Alama ni ya yeye mwenyewe, ona."

"Minaona alama. Minaona na bulongo."

"Mama, mistari lazima ishikane na ya majirani. Tuta la zamani tutalihamisha."

Alipanda akasimama juu ya tuta lake. Alikuwa ameyatetea matuta yale mbele ya kilima kizima. Lakini mimi nilikuwa moniteur, na mikononi mwangu kulikuwa na alama ya Kabeya, na nadhani naye alimpenda mzee yule kama nilivyompenda. Siku iliyofuata nilimkuta analivunja tuta lake kwa jembe, polepole, matete yamelala upande. Nilimsaidia, na nilipiga mluzi nikichimba.

Mvua kubwa ilikuja mchana mmoja wa mwezi wa kumi na mbili. Nilikuwa mjini. Nilikaa dirishani nikiisikiliza kama muziki, nikiwaza mifereji yangu inajaa, maji yamesimama, yanaingia chini. Nilisinzia. Niliota kilima kimekunywa na kushiba.

Kesho yake niliona kutoka mbali. Mifereji haikuwa imeyazuia maji, ilikuwa imeyakusanya na kuyapeleka yote pembe moja, ya kushoto, na pembe ile ilikuwa shamba la Mama Ngosa. Pale maji ya kaya tano yalivunja tuta na kuchimba korongo ambalo mtu angesimama ndani yake mpaka kiunoni. Mahindi yake hayakuwapo. Mihogo ilikuwa imelala na mizizi nje. Udongo mweusi alioulisha mabua miaka yote ile ulikuwa umeteremka, na chemchemi ilikuwa bakuli la uji mwekundu.

Majirani walikuwa wamesimama pembeni. Mama Ngosa aliniona, akaingia kibandani, akatoka na kiti, akakiweka. Kisha akaleta kikombe, kama mgeni anavyoletewa katika kila nyumba ya huku, akanipa kwa mikono miwili.

"Karibu, moniteur. Kunywa mayi."

Yalikuwa mekundu. Yalikuwa ndiyo maji aliyokuwa nayo. Nikayanywa yote, na mchanga ukalia katika meno yangu, na hakuna aliyeniondolea macho mpaka nilipomrudishia kikombe.

Nikaichukua A, nikatafuta mawe mawili, nikaisimamisha. Uzi ukaangukia mahali, nikatia kovu. Nikaigeuza miguu. Uzi ukaangukia vidole vitatu upande wa pili, na alama ya Tata Kabeya haikuwa katikati, haikuwa hata karibu. Nilikaa juu ya udongo uliolowa nikalia mbele ya watu wazima. Halafu nikatoa kisu nikaikwangua ile alama mpaka mti ukawa mweupe. Vipande vyeusi viliangukia magotini mwangu. Nilikata nyingine katikati ya makovu mapya, haraka, mti ukiwa umelowa, ndiyo maana haikunyooka.

Niliwaambia majirani: "Kazi ya mistari haina kosa. Kosa ni yangu. Nilibadilisha muguu, sikugeuza."

Mmoja, aliyewahi kumwita Mama Ngosa bibi ya Bula Matari, aliuliza: "Na sasa?"

"Sasa tunapima tena. Mwenye kukataa, ni haki yake."

Nilitegemea waondoke wote. Mama Ngosa alishika jembe. "Mi nilikwisha kuvunja tuta moya ya muzuri," alisema. "Tuchimbe. Lakini safari hii weye unachimba, na minye minaangalia uzi."

Hivyo ndivyo tulivyofanya. Yeye ndiye aliyesoma uzi katika kila kigingi. Korongo tulilizuia kwa ngazi za mawe na matawi, hatua kwa hatua kutoka juu, ili maji yapumzike mara nyingi na kuacha udongo nyuma ya kila ngazi. Kandokando tulipanda matete. Ng'ombe wa shamba moja lililoachwa walikuwa wakija kukanyaga chemchemi, tukaizungushia ua wa miiba na kuwachimbia birika lao pembeni. Majirani walimlisha Mama Ngosa mihogo msimu ule wote, zamu kwa zamu, na mimi nilikula huko huko, kwa kuwa ofisi haikuwa ikinikumbuka.

Watu huniuliza nilikuwa wapi siku Katanga ilipokwisha, wakati askari wa ONU walipoingia Likasi. Nilikuwa nimebeba mawe. Tulisikia ndege, tukasikia kwamba madaraja ya Lufira yamevunjwa, na siku moja mtu akapita akasema bendera imeshuka. Mama Ngosa alimuuliza kama huko alikotoka mvua imenyesha.

Maji yalichukua misimu miwili kuwa meupe. Mwaka wa kwanza yalikuwa na rangi ya chai. Mwaka wa pili, katikati ya mwezi wa kumi, nilipofika nilipewa kiti na kikombe, na chini kabisa ndani ya kikombe niliona ua lililochorwa kwenye bati. Sikuwa nimejua kwamba lina ua. Nilikaa nikiliangalia, na Mama Ngosa akajifanya ana kazi nyuma ya nyumba.

Baadaye nilitumwa kwingi. Nilikaa miaka nyanda za juu kwenye ng'ombe, nikajifunza kwamba ng'ombe na mvua ni ndugu, wote wawili huharibu wakikimbia na hujenga wakitembea. Huko tuligawanya malisho kwa vipande ili nyasi zipate muda wa kusahau meno. Nimefundisha vijana wengi, wengine wamekuwa wakubwa zangu. Lakini kila kiangazi nilipata sababu ya kupita Buluo, na sababu zilipokwisha nilipita bila sababu.

Tata Kabeya alirudi mara moja tu, miaka kadhaa baadaye. Alikuja kwa treni kumwona binti yake aliyeolewa huku, amekonda, anatembea na fimbo. Hakutaka chai. Alitaka kilima. Tulipofika hakuangalia mashamba, wala matete, wala lile korongo ambalo sasa lilikuwa ngazi za migomba. Aliomba A. Akapitisha kidole gumba katika mti wa katikati, huku na huku, akitafuta kwa ngozi kitu ambacho macho yake hayakukipata.

"Ya yangu iko wapi?"

"Niliikwangua, Tata."

Akaisimamisha A juu ya mawe mawili, akasubiri jiwe litulie. Akaigeuza miguu, nami sikuthubutu kumsaidia. Akasubiri tena. Uzi ulirudi pale pale, juu ya alama yangu iliyopinda. Akaigeuza mara ya tatu. Ndipo akakaa, akavua kofia, akamwambia Mama Ngosa kwamba ana kiu.

Aliletewa kikombe chenye ua. Akayaangalia maji kwanza, kisha akayanywa yote, polepole, macho yamefumbwa, na maji yakamteremka kidevuni.

Basi, wanangu wa ofisini, ile A si kuni. Mulombwa uliobaki ni mti wa katikati tu. Miguu imebadilishwa mara nyingi, na mkinihesabia umri mtaona kwamba hata kwangu kilichobaki cha asili ni kidogo. Mtaiona alama moja nyeusi, imepinda kidogo. Ni ya mkono wangu, na kwa miaka mingi kila mguu ulipobadilika niliikwangua nikaikata upya karibu na hapo hapo, kwa mpindo ule ule. Isipokuwa mara ya mwisho. Juma moja kabla hamjanipa jogoo, niliubadilisha mguu wa kuume, nikaacha alama kama ilivyo. Geuzeni miguu kabla ya kuiamini. Kisu kiko kwenye droo ya chini pale ofisini, nimekinoa.